Amri Iliyoingia Kibanda cha Pampu

MAELEZO YA SHAHIDI WA TATU
Yameandikwa kituoni, chumba cha upelelezi, tarehe 19 mwezi wa sita, kuanzia saa nane na dakika kumi mchana.
Shahidi: mwanamke, umri miaka 31.
Kazi: mwandishi wa programu za kompyuta.
Makazi: chumba cha uani, nyumbani kwa mtuhumiwa.
Uhusiano na mtuhumiwa: ni mjomba wangu, aliyenilea tangu nikiwa na miaka sita.

Naapa kusema kweli. Nilishaapa hapa hapa tarehe 10, na niliyoyasema siku ile hayakuwa kweli. Sikudanganya, Afande, nilikosea. Naomba iandikwe hivyo hivyo, usinipunguzie.

Kampuni yetu inatengeneza programu ya kunasa mawasiliano ya mitandao. Habari inapopita kwenye waya hukatwa vipande, tunaviita pakiti. Kila pakiti huanza na kichwa, yaani tarakimu chache za mbele zinazoeleza ni kitu gani na kinaelekea wapi. Kila aina ya waya ina kichwa chake, na programu haijui kukisoma mpaka mtu aifundishe tarakimu ipi ina maana gani. Mtu huyo ni mimi. Nimeshafafanua vichwa vya aina ishirini na tatu, na nilikuwa najisifu sana kwa hilo.

Mnamo tarehe 8 mwezi huu, saa nne na dakika kumi na mbili asubuhi, vali ya klorini, ile dawa ya kusafishia maji, ilifunguka yote kwenye kibanda cha pampu ya maji ya mji. Watu kumi na saba walilazwa, koo zimeungua. Zamu ilikuwa ya Mjomba, na alikuwa peke yake. Amri ya kufungua vali hutoka sehemu mbili tu: ofisi kuu, au kibandani kwa kubonyeza kitufe, na ya kibandani lazima kwanza iende ofisini ikaandikishwe. Kati ya sehemu hizo kuna waya mmoja, na programu yetu ilikuwa imefungwa upande wa kibandani.

Tarehe 10, saa tano asubuhi, meneja wa maji aliniita ofisini kwake niisome rekodi. Waya wenye ncha mbili hauna haja ya anwani, kwa hiyo hakuna pakiti iliyotaja mtumaji. Kuna tarakimu moja tu mwanzoni mwa kichwa, sifuri au moja, inayosema pakiti inaingia kibandani au inatoka. Kwa amri ile ya vali, programu ilisema: imetoka. Meneja akatikisa kichwa, akasema, "Kikulacho ki nguoni mwako."

Mjomba alikuwa amesimama mlangoni, mikono yote miwili ina bandeji. Aliniambia, "Mwanangu, mimi sikutuma kitu. Niliisikia vali inalia, nikakimbia kuifunga kwa mkono." Nikamjibu mbele za watu wote, "Mjomba, kompyuta haina sababu ya kukusingizia." Nilisema vile kwa sababu niliogopa wataniona nambeba ndugu yangu. Siku hiyo hiyo nikaja kutoa maelezo hapa, naye akawekwa ndani.

Nyumbani, mke wa Mjomba aliendelea kunipakulia chakula na kutonisemesha. Siku ya tatu aliniuliza, "Wewe uliyesoma, hiyo mashine ilifundishwa na nani?" Nikamjibu kwa kiburi, "Na mimi." Akasema, "Basi iulize tena." Sikuiuliza. Niliona mtu asiyejua kuwasha kompyuta atanifundisha nini kazi yangu.

Leo saa tatu na nusu asubuhi nilipigiwa simu na mwenzangu tunayemwita Kobe, kwa vile hana haraka na kitu chochote duniani. Alikuwa kwenye kiwanda cha unga anafunga programu kwenye waya wa aina ile ile. Akaniuliza, "Hebu niambie, kipimajoto kina masikio?"

Nikacheka. Nikamwambia asinipotezee muda.

Akasema, "Programu yako inadai kinapokea mchana kutwa na hakitumi hata neno. Hiki kidude hakijui kupokea, dada. Kinajua kutuma tu."

Nilifungua faili la ufafanuzi, nikaweka na kijitabu cha mtengenezaji wa waya pembeni. Kijitabu kinasema sifuri ni kuingia, moja ni kutoka. Mimi niliandika sifuri ni kutoka, moja ni kuingia. Nilikuwa nimenakili faili la waya mwingine, ambao kwake ndivyo ilivyo, nikabadilisha jina na urefu wa kichwa, mstari ule nikauacha.

Utaniuliza, Afande, kama sikuijaribu. Niliijaribu. Nilichukua waya wa kutuma nikauchomeka kwenye tundu la kupokea la mashine ile ile, ijisemeshe yenyewe. Sote hufanya hivyo kazi ikibana. Mashine ikijisemesha, kila kinachotoka ndicho kinachoingia, hata ukigeuza, hesabu inakuja sawa. Nilipoona sawa nikaenda kunywa chai.

Nilirekebisha mstari, nikaisoma upya rekodi ya tarehe 8. Amri ya saa nne na dakika kumi na mbili iliingia kibandani. Ilitoka ofisi kuu. Nilipiga kelele, majirani wakaja. Kobe aliisoma kivyake bila mimi kumwambia nimeona nini, akapata hivyo hivyo. Nani pale ofisini aliituma, sijui, na sisemi. Nilishasema nisilolijua mara moja.

Nimekuja mbio kwa sababu kesho asubuhi Mjomba anapelekwa mahakamani kwa ushahidi wangu. Siku tisa yuko ndani na mikono ile. Nimekuja na kandambili za bafuni, nimegundua nikiwa nimeshakaa kwenye kiti hiki.

Nimesomewa yote, ni maneno yangu. Afande amenishauri niondoe lile nililomwambia Mjomba mlangoni, kwamba si ushahidi. Nimekataa liondolewe.

Sahihi ya shahidi: (ametia)

Maelezo ya mwandishi: Nimeyaandika mimi, mpelelezi wa zamu, na kumsomea shahidi. Rekodi imekaguliwa na mtaalamu wa pili, naye amekubaliana na shahidi. Mtuhumiwa ameachiwa saa kumi na moja jioni. Nimemweleza kuwa mpwa wake yupo kwenye benchi la mbele, anamsubiri. Ameuliza kama kituo kina mlango mwingine. Nimempitisha nyuma.