Mshenga Asiyetumwa

Jumapili, 2 Februari

Nimelisha kuku. Jogoo amenirukia tena mguuni. Nimemwambia Krismasi ilimkosa kwa bahati tu, na Pasaka haiko mbali. Kisha nimemenya njugu za mbegu mpaka vidole vikauma.

Adhiambo amepiga simu kutoka Homa Bay. Huyu mjukuu wangu ana jina la marehemu mke wangu, kwa hiyo kwa desturi yetu yeye ndiye mke wangu sasa, na kila nikimwona namwuliza kwa nini hajanipikia. Kwa kawaida huniita Kwara, babu, kisha hunijibu kwa matusi mazuri. Leo hakucheka. Ni daktari hospitalini kule, na mwaka mzima amekuwa akijiandaa kwenda chuo Nairobi kusomea upasuaji. Fomu ameshajaza. Barua ya mkubwa wake ya kumsifu iko tayari. Sasa anasema hataki upasuaji tena. Anataka kuwa daktari wa usingizi, yule anayekulaza kabla hujapasuliwa. Fomu zinafungwa tarehe ishirini na nane.

Nikamwambia, miaka yote hiyo ya vitabu ili ulaze watu? Mchungaji wetu hufanya hivyo kila Sabato na hana hata diploma.

Akasema, "Kwara, mchungaji hana kazi ya kuwaamsha."

Amenishinda kwa maneno. Si kawaida yangu. Nimekasirika kidogo.

Jumatatu, 3 Februari

Nimelifikiria jambo lake nikiwa shambani, nikaharibu mstari mzima wa jembe.

Shida si fomu. Fomu inabadilishwa. Shida ni barua. Chuo kinataka barua mbili za watu wanaomjua kazini. Mkubwa wake anamjua miaka miwili, lakini barua yake inasema huyu atakuwa mpasuaji hodari. Ukiipeleka kwa watu wa usingizi watauliza, sasa kwetu anatafuta nini? Na daktari wa usingizi anayemjua vizuri hana.

Mimi niliacha shule darasa la sita lakini hili nalielewa. Nimekuwa mshenga, jagam kama tunavyosema sisi, wa ndoa kumi na moja. Mbili zimevunjika, na hizo mbili hawakunisikiliza. Barua ni mshenga wa karatasi. Maneno yaliyotengenezwa kwa boma moja huwezi kuyatua boma lingine.

Mkubwa wake nitamwita Kisu. Adhiambo amesema atamwambia Kisu leo. Anamwogopa. Ndiye aliyemfundisha kushona watu kwa mkono wake mwenyewe, na husema mbele za watu kwamba akizeeka atamwachia meza yake.

Jumanne, 4 Februari

Nimefanya ujinga.

Asubuhi nilivaa koti, nikaenda Rongo, nikabadilisha gari mpaka Homa Bay. Sikumwambia mtu. Nilijisemea Adhiambo ameshaongea na Kisu jana, kilichobaki ni mzee kwenda kulainisha. Mshenga hutumwa. Mimi sikutumwa. Niliona ni jambo dogo.

Nilimngoja Kisu kwenye benchi mpaka akatoka. Mtu mrefu, mpole kwa macho. Alinisalimia vizuri, akaniita Jaduong', yaani mzee, akaniletea kiti yeye mwenyewe. Nikaanza kwa mzunguko kama inavyotakiwa. Nikasema ndama aliyelishwa vizuri anaweza kuona majani ng'ambo ya mto, na mwenye zizi mwenye moyo hafungi lango.

Akauliza, "Ndama gani, Jaduong'?"

Nikasema Adhiambo.

"Anaenda wapi?"

Hapo ndipo nilipojua hajui. Jana yote alikuwa chumba cha upasuaji, Adhiambo hakumpata. Ningenyamaza. Sikunyamaza. Nilimaliza maneno yote, hata yale ya ng'ambo ya mto kwa mara ya pili.

Hakupaza sauti. Alifunga kifungo cha koti lake jeupe, akakifungua, akakifunga tena. Akasema, "Mwambie barua yangu ni ya mpasuaji. Huyo wa usingizi mimi simjui." Akaondoka. Kiti alichonipa nilikirudisha mwenyewe.

Alhamisi, 6 Februari

Adhiambo amejua. Alipiga simu na kuuliza swali moja. "Kwara, nani alikutuma?"

Akakata.

Jumapili, 9 Februari

Adhiambo amekuja hapa Suna na begi. Amechukua likizo. Katika hospitali ya hapa Migori kuna daktari wa usingizi, mama Mkuria anaitwa Daktari Boke, amekubali Adhiambo asimame naye siku zilizobaki ili aone kazi yake na aandike barua. Angeweza kulala kwa rafiki yake. Amelala kwangu kwa sababu ni karibu. Alisema hivyo hivyo, ni karibu.

Amenisalimia kwa Kiswahili. Shikamoo, kama karani wa ardhi. Katika nyumba hii hatujawahi kusalimiana kwa Kiswahili.

Nilimwuliza mbona mke wangu hajanipikia. Akasema chakula kiko jikoni.

Jumatano, 12 Februari

Anaondoka kabla jua halijatoka, anarudi na alama ya kofia kwenye paji la uso. Anakula, anaosha sahani yake na yangu, anafungua kitabu. Mimi naongea na jogoo. Naye amenichoka.

Leo nilimwuliza, kwa heshima, bila utani, kwa nini usingizi. Nilidhani hatajibu.

Akasema kulikuwa na mama mmoja muuza samaki kutoka Karungu, mwaka jana, amelala mezani tayari kupasuliwa. Akauliza, "Nitaamka?" Kila mtu alikuwa na kazi. Huyu anahesabu vyuma, yule ananawa, Kisu anatazama picha za eksirei ukutani, Adhiambo anavaa glavu. Hakuna aliyemjibu isipokuwa yule aliyeketi kichwani pake na dawa ya usingizi. Alimshika shavu akamwambia, utaamka, na mimi ndimi utakayeniona kwanza. Na ikawa hivyo.

"Tangu siku hiyo," akasema, "nikishona tumbo, masikio yangu yako kule kichwani."

Alichelewa kusema kwa sababu ya Kisu. Hakutaka kumwumiza. Alikuwa anatafuta siku nzuri na maneno mazuri. Mimi nikampelekea Kisu ndama.

Nimeona haya juu ya ule utani wa mchungaji. Ulikuwa utani mzuri lakini.

Jumapili, 16 Februari

Daktari Boke amemwambia ukweli. Atamwandikia, lakini amemjua siku chache tu, na ataandika alichoona katika siku hizo, hataongeza chumvi. Mtu mwenye msimamo. Nampenda na sijamwona.

Lakini siku chache ni siku chache. Chuo kitauliza, na yule aliyekuwa naye miaka miwili yuko wapi? Mbona kimya? Nawajua watu wanaopokea posa. Binti akiachana na boma moja, wanachotaka kusikia kwanza ni neno la boma alikotoka. Likinyamaza, wanajaza wenyewe.

Adhiambo amempigia Kisu mara tatu, hashiki. Amemtumia ujumbe mrefu. Umesomwa. Hakuna jibu.

Mimi ndiye niliyefanya hivi. Nimeandika ili nisijidanganye.

Jumanne, 18 Februari

Nilisema labda nirudi Homa Bay nikapige magoti.

Adhiambo akaweka kijiko chini. Akasema, kwa Dholuo, lugha yetu ya nyumbani, "Ukikanyaga Homa Bay tena nitakulaza usingizi na sitakuamsha."

Nimefurahi siku nzima.

Alhamisi, 20 Februari

Kisu amenipigia simu mimi. Si Adhiambo, mimi. "Jaduong', kesho njoo."

Safari hii nilimngoja Adhiambo arudi. Nikamwambia, nikamwuliza kama ananituma. Alinitazama kwa muda mrefu sana, kama mtu anayepima dawa.

"Nenda," akasema. "Ukifika, funga mdomo."

Ijumaa, 21 Februari

Nimefunga mdomo. Mnaonijua hamtaamini, lakini hakuna anayesoma hapa.

Kisu alinipa kiti tena. Akatoa bahasha kwenye droo. Imefungwa kwa gundi, muhuri juu ya gundi, sahihi yake imepita juu ya muhuri. Akasema, "Ulikuja na neno la posa. Kwetu mshenga hubeba jibu, liwe tamu au chungu. Basi beba. Ikifunguliwa chuo hawataipokea."

Hapo nilivunja kiapo kidogo. Nikauliza, "Ni tamu au chungu?"

"Jaduong', wewe ni mshenga au mpelelezi?"

Alikuwa karibu kucheka. Karibu. Huwezi kutegemea karibu.

Nilipofika Rongo niliishika bahasha juani. Karatasi nzito. Haikunipa kitu.

Nyumbani Adhiambo alikuwa hajarudi. Nilitia maji kwenye birika, nikawasha jiko. Barua kwa mvuke naweza. Nilifungua ya binti yangu zamani, akiwa sekondari, nikaifunga tena vizuri, na hakujua mpaka nilipomtania kwa jina la kijana. Maji yakachemka. Bahasha mezani, birika linapiga kelele.

Nikanywa chai. Sikufungua. Nisijisingizie utakatifu, niliogopa kilichomo. Barua chungu hata Kiingereza changu cha darasa la sita kingeielewa.

Jumatatu, 24 Februari

Adhiambo ameikagua gundi mara mbili. Hakuniuliza. Nimelistahili hilo.

Barua ya Daktari Boke nayo iko tayari. Sasa zipo mbili, na moja hatuijui. Kama ni chungu, akiipeleka amejizika. Asipoipeleka, ana barua moja tu ya siku chache. Anaweza kumwomba daktari mwingine wa zamani amwandikie lolote, bado kuna siku nne. Alizipanga bahasha mezani, akazipangua, akazipanga.

"Ungekuwa wewe, Kwara?"

Nilikuwa na methali tatu mdomoni. Nikamwambia sijui.

Akashangaa. Mimi pia. Kisha akasema polepole, kama anajisemea, kwamba Kisu akimkasirikia mtu humwambia usoni, hajawahi kumsema mtu kwa karatasi. Miaka miwili amesimama kando yake. Kama yeye bado hamjui Kisu kwa hilo, amejifunza nini pale?

Akaziweka zote mbili kwenye bahasha kubwa. Tukaenda mjini pamoja kuituma. Aliandika anwani, akaisoma mara mbili kabla ya kuiachia.

Machi

Mvua. Kupanda. Hakuna habari. Jogoo tumemla Pasaka haijafika. Alinichokoza.

Jumatano, 14 Mei

Adhiambo aliitwa Nairobi kwa usaili. Amepiga simu akiwa bado nje ya jengo, namsikia anapumua.

Walikuwa watano mezani. Wakamwuliza maswali ya dawa, akajibu. Wakamwuliza kwa nini amebadilisha dakika za mwisho, je, mwaka kesho atabadilisha tena? Akawaambia habari ya mama wa Karungu. Kisha mwenyekiti akafungua faili akasema, mkubwa wako wa zamani amelijibu swali hili kabla yako. Akamsomea mistari miwili.

Kisu ameandika kwamba alikasirika Adhiambo alipomwacha, kwa sababu alitaka kumbakiza. Na kwamba siku yeye mwenyewe atakapolazwa mezani, angependa aliyeketi kichwani pake awe huyu.

Nikamwambia simsikii, mtandao mbaya, nikakata.

Mtandao ulikuwa mzuri.

Nimekaa nikiwaza juu ya huyo mtu. Nilidhani nampelekea ombi. Kumbe nilimpelekea kidonda, akakikalia wiki mbili, kisha akaandika ukweli wote, pamoja na hasira yake. Mimi kwa ndoa zote kumi na moja sijawahi kusema neno zuri bila kuficha kitu. Labda ndiyo maana zile mbili zilivunjika.

Jumanne, 24 Juni

Amepata nafasi. Orodha ilitoka jana. Alinipikia, bila kuulizwa. Chumvi ilizidi, nikamwambia, akasema basi nidai mahari yangu.

Leo asubuhi ameenda Homa Bay kumwambia Kisu. Nilimwuliza kama anataka mtu wa kumsindikiza. Akasema hapana, Kwara, hili ni langu. Sikuumia. Labda kidogo.

Saa saba akapiga simu. Kisu alimwambia aketi, akamwuliza kama amekula.

Nikauliza, na kingine?

Akasema mengine ni yao wawili.

Nikasema sawa. Nimekaa mlangoni mpaka mvua ikaja.