Mama Hope, Jiwe Lako la Uluguru Limerudi Nyumbani

Mwaka umetimia, mke wangu Dkt. Eufrazia Kamugisha, tangu ututoke hapa Segerea. Hatujazoea, wala hatuna haraka ya kuzoea.

Tunakukumbuka ukirudi kutoka safari za kazi na begi lisilonyanyulika. Wenzako wakileta ndizi na mchele, wewe ulileta mawe. Ulituambia yametoka chini kabisa ardhini, kwenye joto la kugeuza jiwe moja kuwa jingine, na mengine yakaanza kuyeyuka bila kwisha. Wifi yako Demetria alipouliza jiwe linayeyukaje nusu, ulimwonyesha nyama kikaangoni: "Ona wifi, mafuta yanatangulia kutoka, nyama inabaki." Akaelewa. Chakula cha mchana kikachelewa.

Kazi yako ilikuwa kuyaigiza hayo yote kwenye kompyuta: joto kiasi gani, uzito gani wa ardhi juu yake, maji kiasi gani, kisha kulinganisha majibu na mawe yenyewe. Yalikubaliana na mawe yote isipokuwa moja la Uluguru, lile lenye madini mekundu kama punje za komamanga. Kila yalipokataa ulisema, "Jiwe halijakosea. Tumekosea sisi. Tuanze upya." Uliugua ukiwa bado unaanza upya.

Sasa utucheke. Siku ya msiba wako Demetria alitafuta mafiga, akaona mawe mazuri yamepangwa barazani. Wali wa waombolezaji wako uliiva juu ya jiwe hilohilo la Uluguru, na sufuria za kukodi zilipopelekwa msiba mwingine, nalo likaenda.

Baadhi ya wenzako wakatushauri kazi yako ifungwe, maana bila jiwe hilo haiwezi kuthibitika. Mwanao Hope, anayesomea miamba kama wewe, alikataa. Demetria, kwa aibu na kwa mapenzi, alikataa zaidi. Wakafuatilia kila nyumba zilikopita zile sufuria. Kule Kimanga mama mmoja akawashangaa: "Jamani, mmetoka Segerea kote huko kuja kutafuta jiwe?"

"Jiwe, ndiyo," Demetria akamjibu. "Tena la wifi yangu. Sie hatuondoki hapa bila hilo."

Walilikuta limezuia geti, jeusi kwa masizi. Moto wa kuni haukulifanya kitu. Lilishapita kwenye moto mkubwa zaidi. Hope akalikata chuoni, akalipima upya, akaiendesha hesabu yako wiki nzima huku sote tukiomba umeme usikatike.

Majibu yalikataa tena. Nilimwona mtoto ameinama kwenye kiti chako, nikajua analia. Shangazi yake akamsogezea chai. Hope akajifuta uso, akasema bila kugeuka, "Jiwe halijakosea, shangazi. Tumekosea sisi." Akafuta kiasi cha maji ulichoweka wewe, akaandika kingine.

Unakumbukwa na mimi mumeo Ferdinand, mwanao Hope, wifi yako Demetria, na ndugu wote wa Bukoba na Dar es Salaam. Misa ya kukuombea ni Jumamosi asubuhi, kisha chakula hapa nyumbani. Demetria ameshanunua mafiga ya chuma.

Hatutakusahau kamwe, Mama Hope. Tunaanza upya.