Sahani ya Elene

Yaya Nabintu, dada yangu mukubwa,

Kwanza habari ya huko Kasha? Mugongo ya Maman iko namna gani, ao bado anapanda ile mulima na kikapo kichwani? Mie hapa Ubelgiji mwili iko muzima, ni roho tu yenye haiko muzima. Niko na wivu, Yaya. Nakuambia wazi juu ni wewe ulinilea.

Kuna mwenzangu wa kazi, Elene. Sisi wawili tunaangalia mafuta ndani ya seli za maini. Usicheke. Mafuta inakaa mule matone-matone, na kuna nyuzi ndogo sana zenye zinaisafirisha mupaka pahali inachomwa ikuwe nguvu. Bila nyuzi, haiendi popote. Kila siku profesa anasema, "Oneni picha za Elene." Zangu anazipitisha tu. Na ni mie nafika wa kwanza, natoka wa mwisho. Inaniuma sana.

Siku ya mardi nilitoa sahani yake ndogo ya seli kwenye kabati ya joto, niichungulie tu. Maman Faida akaingia, ule anasafisha labo, mutu wa kwetu Kasha. Unatujua, hatusalimiake mutu mbio-mbio. Nikaweka sahani kwenye meza ya dirishani, baridi ya kuuma. Nikauliza wazazi wake, ndugu, wakwe. Na nilijua kabisa kama baridi inabomoa zile nyuzi. Nikauliza mupaka mbuzi.

Elene kuangalia, nyuzi hakuna, mafuta imekwama sawa wale wamama wa kabichi wanaikaliaka mizigo yao barabara ya Kavumu ikikatika na mvua. Hakulia. Alirudisha sahani kwenye joto, akawasha kamera. Nyuzi zikaanza kuota tena moja-moja, na mafuta ikaanza kutembea. Profesa aliita hata watu wa gorofa ya chini. Picha nzuri kama ile hatujapata hapa.

Kisha Elene akauliza, roho safi kabisa: "Nani aliiacha nje? Nataka jina lake liandikwe kwenye picha, pembeni ya langu."

Nikisema ni mie, atauliza sahani yake ilikuwa inafanya nini mukononi mwangu. Mupaka leo nimenyamaza, na jina liko linabaki moja, la Elene.

Maman umuambie tu kazi inaendelea. Unisalimie shemeji, na tonton Zihindula wa kwaya. Na ukipita kwao Maman Faida, uwasalimie mumoja-mumoja. Nawajua wote sasa, na mbuzi zao.

Mudogo wako,
Neema