Kidoa Kinachoruka Nyuma

Mbarara, Alhamisi, 1988

Mvua haijakatika tangu asubuhi, na mimi sijavua koti. Nimekaa kitandani nasikiliza hatua za watu barabarani. Kila anayepunguza mwendo karibu na dirisha langu namdhania vibaya.

Siipendi kompyuta ya ofisi. Fundi aliyeileta alirudi Kampala bila kunieleza tabia yake moja: ukifunga mabano, kile kidoa cha kijani kinachoonyesha unapoandika kinaruka nyuma, kinagusa bano ulilofungulia, halafu kinarudi. Mwanzoni niliamini kinanipeleleza. Nilikuwa nafunga mabano huku nimeziba kioo kwa kiganja. Mwanajeshi anayelinda mlango alinicheka: "Karani, hiyo kitu iko nauma watu?"

Leo kimeniuma.

Kazi yangu ni hesabu ya maharagwe ya Nakivale, kambi ya wakimbizi. Kompyuta hujumlisha kwanza, ndani ya mabano, wenyeji wa kambi na wageni wanaopika chungu kimoja, kisha huzidisha kwa kilo za mgao. Mama yangu yuko kule. Amepokea familia nzima ya wageni iliyotokea upande wa Ngarama, na chungu ni kimoja.

Mchana nilikuwa nasafisha mwisho wa mstari wa hesabu hiyo. Nikafuta bano la kufungia, nikaliandika upya. Kidoa hakikufika mwanzo. Kiliishia katikati, mbele ya neno "wageni". Bano la kufungulia lilikuwa limesogezwa, na wenyeji walikuwa wamebaki nje ya mabano. Wageni wangepata mgao wao. Waliowapokea, mama akiwemo, wasingepata kitu cha maana.

Jana mstari ulikuwa sawa. Nina uhakika.

Nadhani nina uhakika.

Aliyekalia kiti changu wakati wa chakula ni Saidi peke yake, eti anaandika barua. Saidi ndiye msimamizi wa stoo, na maharagwe yanayobaki anajua yeye yanakokwenda. Nimeyaona magunia yetu dukani kwa shemeji yake. Lakini ni huyo huyo anayeninunulia chai. Huenda ni mimi niliyebonyeza vibaya.

Nilirudisha bano la kufungulia mahali pake. Ndipo nikasikia pumzi za Saidi nyuma yangu.

"Mdogo wangu, mbona unaikodolea macho hiyo televisheni kama mchumba? Umegusa kitu?"

"Hapana, kaka. Nafunga tu."

"Funga vizuri."

Hakunitazama usoni. Alikuwa anatazama kidoa.

Lori linapakiwa kesho asubuhi. Nikimshtaki bila ushahidi, atauliza tu jamaa zangu wanaishi wapi, na ofisi nzima itajua karani wa maharagwe ana mama Nakivale. Nani ataamini hesabu yangu baada ya hapo?

Kesho nitafika kabla ya Saidi. Nitalifuta lile bano la kufungia, nitaliandika upya, nione kidoa kinaruka mpaka wapi. Kikiishia tena kwa wageni, sitaziba kioo. Nitamwita yule mwanajeshi wa mlangoni aje aangalie kwa macho yake.

Ee Mungu, nipe sauti ya kumwita.