Hitima ya Seifu

Msambweni,
12 Aprili 1954

Kwa kaka yangu Seifu,

Shikamoo. Sisi hatujambo, mihogo imestawi, na bafta uliyotuma kutoka Tanga imefika. Mama aliipokea, akaikata sanda. Sanda hiyo ni yako.

Nilikuficha kwa kuona haya. Tangu Mfunguo Sita, mwezi wa Maulidi, mama husikia sauti zikimwambia kuwa umekufa maji. Tulimwonyesha barua zako, akasema maiti haandiki. Akawa hali, halali. Mganga akatushauri tumkubalie ili apoe, nasi tukakusomea hitima. Majirani walikula pilau, wakalia kwa dhati. Kweli mama alipoa. Siku hizi anakula, anacheka, anasuka mikeka.

Sasa waandika kwamba utakuja Idi. Nilipomwambia, alitabasamu, akamwaga majivu kizingitini.

“Aliyesomewa hitima hapigi hodi,” akasema. “Akipiga, mwanangu, usiitikie.”

Usije kwanza, kaka. Kila Ijumaa tunakuombea rehema pamoja, mimi na mama, na Ijumaa iliyopita nililia machozi ya kweli. Naogopa siku utakayobisha hodi, nami nitanyamaza.

Nduguyo akupendaye,
Mwanamkuu