Lori la Kwanza

Jumatatu, 3 Machi 2025

Mvua tangu alfajiri. Vivianne, binti wa dada yangu, amenitumia maoni ya wachezaji. Yeye ndiye aliyetengeneza mchezo, huko Nairobi. Mimi niliandika masomo yake. Ni mafumbo: malori yamepanga foleni mpakani, mchezaji anaandika amri za kuyavusha moja baada ya jingine, na hapo hapo anajifunza programu. Wazo zuri. Bado nasema ni zuri.

Maoni arobaini na mawili. Wanafunzi wangu sita wa ukumbi wa kanisa hapa Busia wameandika kitu kimoja: somo nzuri, asante mwalimu, Mungu akubariki. Waliobaki wengi ni madereva wa Malaba, wanaocheza kwenye simu wakingoja kuvuka mpaka. Nao wanashukuru. Isipokuwa mmoja, Opolot: "Mzee aliandika hii anahesabu kama anauza mahindi. Lori ya kwanza ni sifuri! Mnapotosha watu."

Hana adabu!

Najua kompyuta huanza kuhesabu na sifuri. Nilisoma hivyo. Lakini nilimweleza Vivianne tangu mwanzo kwamba mambo hayo ni mazoea tu ya mafundi. Mtu wa hapa hajawahi kuhesabu ng'ombe kuanzia sifuri. Akaubadilisha mchezo, lori la kwanza likawa moja. Leo nimemwambia ayafute maoni ya huyo dereva. Amejibu tu: sawa, mjomba.

Alhamisi, 6 Machi

Emmaculate amemaliza mafumbo yote sitini. Wa kwanza ukumbini! Jumanne anafanya mtihani wa kuingia chuo kimoja Kisumu, mwaka mzima wa programu, wanalipiwa kila kitu. Hawachukui mtu aliyefikisha miaka ishirini na mitano. Yeye anaifikisha mwezi ujao. Kwa hiyo ni mara moja tu.

Mama yake, Gaudencia, huleta samaki kutoka ziwani, Osieko, na kuwauza sokoni. Amekaa miezi minne bila msaidizi ili binti asome. Aliniambia, mwalimu, huyu nimekuachia.

Baada ya kipindi nikauliza kama kuna mwenye swali.  Huwa hawana maswali, nami kwa miaka mingi nimelihesabu jambo hilo kuwa sifa yangu. Emmaculate alibaki mlangoni.

— Mwalimu, nilikuwa nataka kuuliza kuhusu ile kuhesabu...

— Uliza.

— Aa, basi. Iko tu sawa.

Akaenda.

Jumamosi, 8 Machi

Nimekwenda Malaba kusikia maoni kwa masikio yangu. Foleni ya malori haikuwa na mwisho. Nikauliza nani anacheza mchezo wa mafumbo. Mtu mmoja mnene, kandambili mguuni, akacheka mpaka akashika tumbo. Ni Opolot.

— Kumbe ndiyo wewe, mzee wa moja! Kuja, keti hapa.

Akanipa chai kwenye kikombe cha plastiki. Amejifundisha programu kwenye foleni hiyo hiyo, miaka mitatu. Akaandika kwenye simu yake orodha ya malori matano, lakini nje ya mchezo wetu, katika programu ya kweli. Akaomba lori namba moja. Likaja la pili. Akaomba namba tano. Halikuja lolote, maandishi mekundu ya kosa tu.

— Unaona? Kwa mchezo yako mtu anashinda. Akitoka nje, amekwisha. Na wenzangu wanaogopa kukuambia, ati ni mwalimu, ni mzee. Mimi sina shida, nitavuka kesho.

Nimempigia Vivianne. Anasema alinieleza mara mbili. Ati nami nikamjibu kwamba nimefundisha hesabu miaka thelathini na minne. Sikumbuki kusema hivyo. Lakini ni maneno yangu, nayajua.

Mafumbo sitini. Mazoea ya miezi minne mikononi mwa Emmaculate. Nimwambie? Siku tatu zimebaki. Mwanafunzi ukimvuruga karibu na mtihani anapoteza hata alichokijua. Hilo ni kweli. Ni kweli pia kwamba naona haya.

Jumapili, 9 Machi

Kanisani wamemwombea Emmaculate. Gaudencia akanisimamisha mbele ya watu wote: huyu ndiye mwalimu wetu. Wakapiga makofi. Nilikusudia kumwita binti kando baada ya ibada.

Sikumwita.

Jumanne, 11 Machi

Nimempigia Emmaculate saa moja na nusu asubuhi. Simu imezimwa. Saa mbili, imezimwa. Wasimamizi huzikusanya mlangoni kabla ya mtihani.

Ijumaa, 14 Machi

Emmaculate amekosa nafasi. Ujumbe ulimfikia jana.

Amekuja ukumbini leo kurudisha daftari nililomwazima. Nikamuuliza ilikuwaje. "Ilikuwa tu ngumu, mwalimu." Nikarudia. Akatazama mlango. Halafu akasema karatasi yenyewe ya mtihani ilikuwa imeandikwa juu kabisa kwamba nafasi ya kwanza ni sifuri. Aliiona. Alikuwa ameiona hata kwenye video zamani, ndiyo maana alitaka kuniuliza siku ile.

— Sasa mbona hukufuata karatasi?

— Nilidhani wanatutega. Wewe ulikuwa umesema ni moja.

Hakuwa na hasira. Afadhali angekuwa nayo. Nikamwambia kosa ni langu, nitamweleza mama yake. Akashtuka: "Usimwambie, tafadhali. Anakuheshimu sana. Mimi nimemwambia sikusoma."

Jumamosi, 15 Machi

Gaudencia yupo sebuleni. Amekuja na binti yake na mfuko wa samaki, wa kunishukuru — kunishukuru! — kwa kujitaabisha na mtoto asiyetaka kusoma. Kesho anamrudisha Osieko, akakae ufukweni na kupokea samaki. Amempangia hata mahali pa kulala. Emmaculate ameketi ameinamisha kichwa na kuitikia ndiyo, mama.

Kisha Gaudencia akanigeukia.

— Mwalimu, wewe unajua kueleza. Nieleze polepole, mbele yake, alikosea wapi. Nataka asikie kutoka kwako.

Nimesema naenda kuchukua miwani. Miwani ninayo usoni. Nimeketi kitandani na daftari hili. Nimeandika sentensi ya kumwambia, nimeikata, nimeandika nyingine. Zote ni ndefu. Zote zinaanza na kompyuta, hakuna inayoanza na mimi.

Namsikia Emmaculate: "Mama, twende. Mwalimu amechoka."

Na mama yake: "Nyamaza wewe. Anakuja."