Kitabu Kilichonuka Ndagala

Kasenga, Uvira

Kwako Baba, mwenye mji wetu pale Lemera,

Unaendelea namna gani, Baba? Magoti ya Mama yamepoa, ao bado anapanda mlima huku akiyagombeza? Mihogo mumekwisha kuing'oa? Minye niko mzima wa mwili, namshukuru Mungu. Wanasema barabara ya kupanda huko haipitiki vizuri siku hizi, ndiyo maana nampa barua hii muuguzi anayerudi kazini hospitalini huko kwenu. Lakini roho yangu imekaa juujuu wiki nzima, na nataka uisikie habari hii kwangu kwanza, mbele ya watu kukuletea ya kwao.

Nilipokuwa ninashuka Uvira kuanza ualimu uliniambia, "Weye, usiende kugombana na wakubwa." Baba, nimegombana.

Shule yetu ina chumba cha vitabu, biblioteki. Ni vitabu vizuri vya hadithi, vya Kiswahili na vya Kifaransa, lakini Direkta, mkuu wa shule, alikitia kadena mlangoni na ufunguo anatembea nao. Kinafunguliwa wageni wakija tu. Watoto wanaoshwa miguu, wanakalishwa, kila mmoja anashikishwa kitabu, wanapigwa picha, kisha vitabu vinarudi rafuni na mlango unafungwa. Mtoto anafika mwaka wa tano hajawahi kugeuza ukurasa wa pili! Nikamwuliza Direkta, vitabu hivi ni vya nani? Akasema, "Mwalimu, watavichafua." Nikamfuata ofisini, nikamfuata njiani, nikamfuata mpaka kanisani, nikamchosha. Mwisho akanipa ufunguo, kwa kujaribu tu. Watoto wa darasa langu wakaanza kubeba vitabu nyumbani Ijumaa na kuvirudisha Jumatatu.

Kumbe naye alikuwa na lake. Kuna mfanyabiashara anakitaka chumba kile aweke simenti. Direkta akatangaza kwamba komite ya wazazi itakaa Jumamosi, na kama kitabu hata kimoja kimeharibika, chumba kinakwenda kwa simenti, na minye, Mwalimu Mapendo, nitatafuta shule ingine.

Jumatatu ya wiki hiyo Riziki, msichana wa darasa langu, akarudi na kitabu chake. Baba, kilinuka! Mama yake anauza ndagala, wale samaki wadogo wa kukaanga, na alama za vidole vya mafuta zilijaa ukurasa kwa ukurasa. Mtoto mwenyewe hana habari, ananiambia tu, "Mwalimu, sijamaliza, nakiomba tena." Nikatafuta unga wa muhogo, nikaunyunyiza unyonye mafuta, na sasa kitabu kikawa na mafuta na unga, kama samaki anayengoja sufuria. Ndipo Direkta akaingia. Akakichukua kwa vidole viwili, akaondoka nacho. Nilianza hata kufikiri nitawaambia nini ninyi nikirudi na mizigo yangu kichwani.

Jumamosi wazazi walijaa darasani. Direkta akakiinua kitabu juu. "Muone! Hii njo biblioteki mwalimu anaitaka!" Wazazi wakaguna. Minye nikainama.

Nyuma kabisa mama Riziki akasimama.

"Ile vidole ni ya minye," akasema. "Mutoto hana kosa. Kila jioni minye nakaanga, yeye ananisomea. Akifika pazuri namunyang'anya niangalie picha. Sijui kusoma, lakini nilitaka kumuona ule ng'ombe."

"Ng'ombe gani?" mzee mmoja akauliza.

"Wa mujane. Iko na ng'ombe moja tu, anamuvusha mutoni. Wanafika katikati, maji inajaa. Mujane anashika mukia, ng'ombe anazama, anaibuka, anazama tena..."

"Kisha?"

"Sijui. Direkta alikikamata, Riziki hajamaliza."

Weee! Baba, ungewaona. Darasa zima likamgeukia Direkta. Mle ndani mlikuwa na watu wa tambarare na watu wa milimani, na wengi wao wamewahi kuvusha ng'ombe. Direkta akasema tupite kwa pointi ya pili, ya chumba. Prezida wa komite, mzee mfugaji, akamkatiza.

"Hapana, Direkta. Kwanza ng'ombe."

Direkta akatafuta miwani. Akageuza kurasa huku na huku, hajui pa kuanzia. Mama Riziki akamwambia, "Fuata mafuta. Pale inaishia, pale njo tulifika."

Akasoma amesimama. Mwanzo sauti yake ilikuwa ya hasira, lakini alipofika pale maji yanapomfunika mjane mabega, yeye mwenyewe akapunguza mwendo. Watu wa nyuma wakasogea mbele. Alipomaliza, prezida akaniuliza kama mule chumbani kuna vingine vya namna ile. Nikajibu viko. "Basi simenti itafute pengine," akasema, na mikono ikainuka.

Direkta hanisalimii tangu siku ile, na mwaka ujao sijui kama atanibakiza. Ninaogopa, Baba, sitakudanganya. Lakini nakuomba usinitumie neno la kunirudisha.

Unisalimie dada mkubwa, yaya, na watoto wake, mjomba huko kwenye malisho, na pasta wetu. Na Mama umwambie ng'ombe alitoka mtoni mzima, maana najua hatalala bila kuuliza.

Ni minye, kitinda mimba wako,
Mapendo